Nani Atakubali Kudungwa na Mwanafunzi?

Kuna asubuhi moja wodini, hapo Nakuru, ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwanafunzi wa unesi, msichana mwembamba kutoka Subukia. Cheka tu, lakini nilikuwa mwembamba.

Tangu tuingie hospitalini, kazi yetu ilikuwa kutandika vitanda, kuogesha wagonjwa na kusafisha vyombo vya choo. Sindano tulikuwa tunadunga machungwa! Na mtihani ulikuwa umekaribia, wa kudunga mtu mzima anayekutazama. Nikianguka, narudi kuchuma kahawa ya mzungu. Niliogopa sana.

Basi nikawa mtu wa kunung'unika kwamba hatufundishwi. Bwenini nilinung'unika, na asubuhi hiyo nikanung'unika nikimwosha mgongo Mama Wambui, mama wa makamo kutoka Lanet aliyelazwa kwa kichomi. Akageuka.

"We msichana, mimi ndiye nakufundisha?"

"Hapana, mama."

"Sasa mbona unaniambia mimi? Sista si yule pale? Mwambie yeye, na umwambie vizuri."

Lo! Kumwambia Sista, nesi mkuu wa wodi, wakati ule! Lakini nilienda.

"Sista, naomba nidunge mgonjwa kabla ya mtihani. Naomba usimame karibu, unionyeshe."

Nilidhani atanifukuza. Alinitazama tu, kisha akaiuliza wodi nzima, "Nani atakubali kudungwa na mwanafunzi?"

Mama mmoja aliyekuwa akipiga soga akaanza kukoroma papo hapo.

"Mimi," akasema Mama Wambui. "Huyu ndiye huniogesha. Mikono yake naijua."

Nikadunga, Sista akinishika kiwiko. Mama Wambui akakunja uso. "Uuui! Kesho rudi tena, utazoea."

Sasa wewe kila ukija nyumbani unalia kwamba hospitali yenu haifundishi. Pengine ni kweli, sikatai. Lakini ukinilalamikia mimi hapa sebuleni, nitakupa chai tu. Nenda kwa anayewasimamia, umtajie kile hujui, umwombe akuonyeshe. Na mgonjwa akitaka kuogeshwa, usimwogeshe kwa haraka ukinuna. Yeye ndiye atakupa mwili wake ujifunzie, na hakuna mwalimu anayeweza kukupa huo.

Mungu akupe ujasiri wa kusema na mikono ya upole. Na mgonjwa akiulizwa anataka nesi gani, aseme ni wewe.