Fundi Cherehani wa Kanisa la Pili

Kwaresima hii makanisa mawili ya mtaa yanajifunza Neno pamoja, na anayefundisha ni mama fundi cherehani wa kanisa la pili. Eti fundi cherehani! Katekista mwenyeji amekaa nyuma, roho inamuuma. Mama yule hahubiri. Anauliza swali, kisha anafuta miwani kwa upindo wa gauni, taratibu, vidole vimejaa alama za sindano, akingoja jibu. Na waumini wale wale wanaomsinzilia katekista kila Jumapili wananyoosha mikono kama watoto wa chekechea. "Kawapa nini huyu?" anaguna. Mama anavaa miwani. "Haya, mwalimu wetu kule nyuma, sema, baba." Katekista anataka kukataa, ndipo anauona mkono wake mwenyewe uko juu.