Disketi Tatu za Ijumaa

Nilikuwa karani wa zahanati binafsi pale Korogwe mjini, mojawapo ya zile zilizofunguliwa miaka ya soko huria. Kompyuta yetu ilikuwa moja, nayo ilitunza orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu: kila mmoja anakaa wapi, anatumia dawa gani, amebakiza miezi mingapi. Kila mwanzo wa mwezi nilihifadhi nakala kamili ya orodha. Kila Ijumaa nilitoa disketi yenye yale tu yaliyobadilika wiki hiyo.

Masika moja radi ilipiga, kompyuta ikafa. Ilipoletwa nyingine sikuwa na wasiwasi. Niliingiza nakala kamili, kisha disketi tatu, moja baada ya nyingine, programu ikaziunganisha. Kila disketi ilifuta habari za zamani na kuweka zake, kwa hiyo zilipaswa kufuatana kwa tarehe. Juu ya zote tatu nilikuwa nimeandika neno moja tu: "Ijumaa." Nikakisia ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Kompyuta haikulalamika, nami nikaenda kunywa chai.

Muuguzi wetu, mama wa makamo aliyekuwa akiwapelekea dawa wagonjwa wa mbali, alipanda basi hadi Mkata na karatasi ya anwani niliyomchapia. Alirudi jioni, tope mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule mgonjwa wa Mkata hayupo. Majirani wanasema amehamia Kerenge kwa binti yake, na alikuja kutuaga hapa hapa."

Alituaga kweli. Nilimkumbuka ameketi mbele yangu, akinitajia kijiji polepole ili nisikosee. Niliandika. Habari hiyo ilikuwa kwenye disketi ya wiki ya tatu; ila ile ya wiki ya pili, yenye anwani yake ya zamani, niliyoiingiza mwisho, ilikuwa imemrudisha Mkata.

"Ni mimi, mama," nikasema, nikamweleza habari za disketi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na wengine wangapi umewarudisha nyuma?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza.

Kesho yake alikwenda Kerenge, akamkuta mgonjwa amebakiwa na vidonge vya siku mbili. Mimi nilifuta kila kitu nikaanza upya. Nilitazama tarehe zilizomo ndani ya disketi, nikaziunganisha kwa mpangilio, nikalinganisha jina kwa jina na kadi za wagonjwa. Wengine watatu walikuwa wamekosewa. Nilipomaliza, nikahifadhi yote kama nakala kamili mpya.

Mpaka siku ile niliamini kutunza maana yake ni kutopoteza. Kumbe sikuwa nimepoteza hata neno moja; la zamani lilikaa juu ya jipya, na mtu akakaribia kukosa dawa.

Yule mgonjwa aliyehamia Kerenge alimaliza matibabu, akapona. Siku ya mwisho aliomba nimsomee alivyoandikwa kwenye kompyuta. Nikamsomea.

"Ongeza," akaniambia, "mkinitafuta njooni asubuhi. Mchana nipo shambani."

Nikaandika.