Siku Niliyosema Amelala

Laiti ningekataa kusimama mlangoni siku ile. Mpwa wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu, alikuwa amejiua, na baba yake akanivuta jikoni akaninong'oneza: "Shemeji, wewe una maneno. Simama pale. Atakayeuliza, mwambie moyo."

Sisi watu wa Unguja hatuingii msibani bila kuuliza, "Kwani alikuwa akiumwa nini?" Tunaiita adabu, na hata London hatujaiacha. Shemeji aliogopa watu wasije wakakataa kumsalia mtoto. Imamu alikwishaambiwa ukweli, na alikubali kumsalia. Nililijua hilo, na bado nikasema sawa.

Basi nikasimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yao pale Kingsbury, viatu vimerundikana, makoti yamejaa kwenye ngazi, nikijibu moyo, moyo. Sikuweza kutulia. Nilivipanga viatu, nikavipangua, nikavipanga tena. Jirani yao Mhindi, mzaliwa wa Kisumu, alileta viti vyake, naye nikamwambia moyo. "Kijana vile?" akasema. "Dunia hii, bwana!"

Baada ya adhuhuri akaja mama mmoja wa Kipemba na chupa ya chai. Nilimjua. Mwanawe naye alijiua, miaka ya nyuma, na yeye hakuficha. Tangu hapo alikuwa akiwakusanya sebuleni kwake wazazi waliofikwa na msiba kama huo, wakae, wazungumze. Wanaume msikitini walikuwa na dhihaka yao: "Ukimwona yule mlangoni kwako, usijisumbue kutunga." Angeingia tu, kila mtu angejua.

"Nimekuja kumwona mwenzangu," alisema.

"Amelala, mama."

Kutoka ndani dada yangu akauliza, "Nani huyo?"

Yule mama akanitazama. "Kalala, na huku anauliza?"

"Anaweweseka."

"Haya, baba. Mimi sikuja kuuliza kafa na nini." Akanipa chupa, akakirudisha mguuni kiatu alichokwisha kukivua.

Niliipeleka chai ndani. Waliinywa wote, na dada yangu pia, bila kujua imetoka kwa nani.

Uongo ule ukaendelea na safari yake. Binamu zetu waliwapeleka watoto wao hospitali wakapimwe mioyo, wakidhani ni maradhi ya ukoo, na kila mmoja alimpigia simu dada yangu kumpa majibu mazuri. Ilimbidi aseme alhamdulillahi. Akaacha kupokea simu, kisha akaacha kwenda harusini, kisha hata dukani. Mimi nilikuwa nikimtembelea, nasimama, nakaa, nachungulia dirishani, nazungumzia mvua. Jina la mtoto sikulitaja hata mara moja.

Mwishowe alikutana na yule mama kwenye foleni ya dawa. Sijui walisemezana nini, ila jioni ile aliniita.

"Kaka, siku ile mimi nilikuwa nimelala?"

"Nilikuwa nakuhifadhi."

"Na nani? Na mtu pekee aliyekuwa anajua maumivu yangu?" Hakupaza sauti. "Muda wote ule nikidhani niko peke yangu katika mji huu. Naye alikuja, akafika mpaka mlangoni."

Nikashika koti langu, naye hakunizuia.

Siku hizi kila Alhamisi anakwenda kwenye sebule ya yule mama. Nimesikia anacheka tena, na kwamba waliofiwa karibuni huwapokea yeye mwenyewe mlangoni. Mimi sikai nyumbani. Napanda basi mpaka Edgware, nageuza, napita mtaani kwa dada yangu, nashuka kituo cha mbele na kurudi kwa miguu hadi kwenye kona, halafu naondoka. Niliwahi kubisha. Alinijibu kupitia mlango uliofungwa, kwa upole, kwamba amelala.

Kusimama mlangoni siku ile kumenigharimu dada yangu, na sina mwengine.