Bei Niliyoishusha Guangzhou

Niliondoka Njombe kwa sababu ya sweta la shule. Kwetu baridi haina mzaha, na kwa miaka mingi chama chetu cha ushirika, chenye wanachama kumi na wanne na mashine za kufuma kwa mkono, ndicho kilichovisha shule tano za jirani. Mwaka huu wakuu wa shule hizo walitueleza kwa upole kwamba masweta ya China yapo sokoni kwa bei ndogo kuliko yetu, na wazazi wameanza kunung'unika. Walitupa hadi mwisho wa muhula tulete bei mpya.

Kwenye mkutano yalitoka mawazo mawili. La kwanza lilikuwa tuache kufuma, tuagize masweta yaliyo tayari, tushone nembo tu. Kazi hiyo inataka watu wawili. Kumi na wawili wangerudi nyumbani. La pili lilikuwa tuendelee kama zamani hadi wateja waishe. Mwenyekiti wetu, Mama Mlowe, hakulipenda hata moja.

"Katibu, wewe umefundisha uraia miaka yote hiyo," aliniambia. "Nenda ukatuonee hiyo bei ndogo inatoka wapi. Ukirudi utueleze, ndipo tupige kura."

Basi nikapanda gari hadi Dar es Salaam, nikapanda ndege, nikabadilisha Addis Ababa, na asubuhi ya siku ya pili nikashuka Guangzhou nikiwa na begi moja na sweta letu moja la mfano.

Mwenyeji wangu alikuwa Rukia, binti wa Tanga anayesoma uchumi kwa ufadhili, mpwa wa jirani yangu. Alinipokea kituo cha metro cha Xiaobei.

"Shikamoo, Mwalimu. Umechoka?"

"Marahaba, mwanangu. Miguu ndiyo imechoka, macho bado."

Macho yalikuwa na kazi kweli. Mtaa wa Dengfeng una maduka ya Waafrika bega kwa bega: simu, nywele, mabegi, wabadilisha fedha, na harufu ya wali na nyama ya mbuzi. Nilisikia Kiswahili kabla sijavuka barabara. Mwanamume mmoja alikuwa akifoka kwenye simu kwamba mzigo wake umekaa ghalani siku tisa na wakala hapokei.

Mchana, tukila, nilimwuliza Rukia swali nililokuja nalo. Mimi ni wa kizazi kilichopanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji. Najua uchumi ambao serikali inashika kila kitu. Baadaye nikaona soko huria, ambalo kila mtu anapambana na hali yake. Je, hakuna la katikati?

"Lipo," alisema. "Wajerumani wa magharibi walilijaribu baada ya vita, wakaliita uchumi wa soko jamii. Wenye viwanda washindane kwa uhuru, lakini sheria iweke sakafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake. Mfanyakazi awe na bima, awe na chama kinachoweza kukaa mezani na mwajiri, na akizeeka apate pensheni."

"Na hapa China?"

"Hapa wanasema uchumi wa soko la kijamaa. Majina yanakaribiana, lakini usiyachanganye. Hapa serikali ina mkono mkubwa zaidi. Ila swali ni lile lile kila nchi: sakafu iko wapi, na nani anailinda?" Akanisogezea sahani. "Shida ya siku hizi, Mwalimu, ni kwamba sheria zinaishia mpakani. Sweta halina mpaka."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Wakati huo nilidhani nimeyaelewa.

Siku yangu ya pili mjini nilikwenda Sanyuanli na Obadia, mfanyabiashara wa Mbeya ambaye Rukia aliniunganisha naye. Amekuwa akienda huko kununua nguo kwa miaka mingi na anajua kila lifti. Jengo la maduka ya jumla tulimoingia lina ghorofa za vibanda, kila kibanda na sampuli zake ukutani. Kibanda cha masweta kilikuwa cha mama mmoja mwenye miwani, ambaye Obadia alimwita laoban, yaani bosi. Kiwanda ni cha familia yake.

Niliweka sweta letu mezani. Aliligeuza, akalivuta, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akaandika bei kwenye kikokotoo na kunionyesha.

Hapo nikafanya nilichozoea sokoni Njombe. Nilicheka, nikashika kifua, nikaandika yangu ya chini. Akatazama. "Keyi," akasema, sawa. Nikashangaa, nikashusha tena. "Keyi." Nikashusha mara ya tatu, nusu kwa mchezo. "Keyi, keyi. Sampuli kesho."

Nilitoka nimejaa furaha. Bei hiyo ingemaliza ubishi wote. Obadia alikuwa akinitazama kwa pembeni.

"Mwalimu, una uhakika wewe ni Mkinga?"

"Kwa nini?"

"Wakinga mnasifika kwa biashara. Mkinga hafurahi hivyo kabla hajashika mali."

Siku ya tatu tulipanda metro hadi mwisho wa njia, kisha basi, hadi kiwandani: ghorofa ya nne ya nyumba ya kawaida, mashine zikinguruma. Rukia alikuja kutafsiri. Laoban alinikabidhi sampuli yangu. Rangi ilikuwa ile ile na mistari ya shingo ile ile. Lakini nilipoinyoosha mbele ya dirisha, nilimwona Obadia kupitia kifua cha sweta.

"Hili si sweta langu!"

Laoban alishangaa kwa dhati. Rukia akatafsiri: "Anasema ni lako. Umetaka bei hiyo, amekutengenezea ya bei hiyo."

Obadia alikohoa kuficha kicheko. "Kwetu ukishusha bei unamega faida ya muuzaji. Hapa unamega uzi. Mara ya kwanza uliondoa unene. Ya pili umeondoa ubora. Ya tatu, sijui, labda ulifika kwa watu."

Alisema kwa utani, lakini nilimwona mwanamke kwenye mashine ya kuunga mikono ya masweta akigeuka kututazama. Jina lake Mei, wa makamo, ametoka mkoa wa Guangxi. Aliuliza kitu. Rukia akasita.

"Anauliza kama wewe ndiye mteja wa masweta mepesi."

"Mwambie ndiye."

Mei hakukasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha kazi mgeni. Uzi mwembamba hukatika, kwa hiyo sweta jepesi linamla muda zaidi kuliko zito. Lakini oda ikiwa ya bei ya chini, malipo ya kila kipande nayo hushuka. Niliuliza habari za bima. Akasema katika kiwanda kikubwa alikokuwa zamani alikuwa na mkataba na bima. Hapa hana.

"Anasema sheria ipo," Rukia alitafsiri, "ila haijapanda ngazi hadi ghorofa ya nne."

Kisha Mei akauliza kuhusu wafumaji wa kwetu. Ningeweza kujibu kwamba sisi ni ushirika, kila mwanachama ana hisa. Ni kweli, lakini si yote. Miezi ya kuelekea shule kufunguliwa tunaita wanawake sita wa mtaani kwetu, tunawalipa kwa kila sweta wanalofuma, na wakiugua tunawapa pole. Kiwango chao nilikipanga mimi. Nilimwambia.

Mei alicheka hadi akafuta macho.

"Anasema: basi na wewe ni laoban."

Nilirudi mezani kwa laoban. Nikaomba bei ya sweta lenye uzi kama wetu na uzito kama wetu. Ile bei, ukiongeza meli na ushuru, ilikaribia sana yetu. Bei ndogo ya sokoni Njombe, kumbe, ilikuwa bei ya kitu kingine. Sikuagiza masweta. Nilinunua koni za uzi mzuri, ambao huko ni nafuu kuliko kwetu, na Obadia akanipa nafasi ndani ya kontena lake. Siku moja kabla ya kuondoka tulipeleka karatasi kwa wakala wa mizigo huko Nansha, bandari ambako kontena zimepangwa hadi upeo wa macho. Rukia alinisindikiza uwanja wa ndege.

Njombe, Jumamosi iliyofuata, nilipitisha masweta mawili, letu na lile jepesi, mkono kwa mkono na kueleza kama nilivyowaeleza ninyi. Tukawaita wakuu wa shule. Hatukuwaomba watuonee huruma. Tuliwaomba waandike kipimo: aina ya uzi, uzito, na kwamba sweta lifuliwe mara kadhaa mbele ya wazazi kabla ya kukubaliwa. Atakayefikia kipimo, awe wa Njombe au wa Guangzhou, alete bei. Shule nne zilikubali, na kwa uzi niliounua sisi tungekifikia kwa bei ndogo kuliko ya zamani. Ya tano ilichagua jepesi, na ni haki yake.

Kazi ikawa imepona. Wakuu walipoondoka, wanachama walianza kuvaa makoti yao, nami nikasema kuna jambo moja zaidi: wale wanawake sita tuwalipie bima ya afya kutoka mfuko wa chama.

"Katibu!" akasema Bwana Mgaya, mfumaji wetu wa siku nyingi. "Tumeokoka leo hii, na leo hii unatukata?"

"Ninatukata, ndiyo. Na mimi nimo."

Nilimweleza nilichokwenda kujifunza. Soko ni chombo kizuri, linafikisha uzi wa Guangzhou Njombe bila mtu kuamrishwa. Lakini linasikia bei tu. Mengine yote lazima watu wayatamke, wayaandike, na wakubali kuyalipia. Na wa kwanza kuulizwa ni yule anayepanga malipo.

Walibishana karibu saa nzima. Mama Mlowe akaomba mikono. Nane wakakubali, sita wakakataa. Jumatatu niliwapeleka wale wanawake kuandikishwa, na Bwana Mgaya, aliyekuwa miongoni mwa sita waliokataa, ndiye aliyetuazima gari.