Foleni ya Zahanati Isiyokuwepo

Hivi umeshawahi kupanga foleni saa mbili asubuhi, ukapewa namba, ukakaa kwenye benchi kumsubiri daktari ambaye hayupo, katika zahanati ambayo haijajengwa?

Mimi nimepanga. Siku kumi na mbili.

Na foleni yenyewe niliianzisha mimi, kwa hiyo usiniulize kama nilikuwa timamu. Nilikuwa timamu kuliko siku zote.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mnivumilie. Mimi nasimulia taratibu, sirukiruki.

Miaka ishirini na sita nilikuwa mhudumu wa hospitali. Si nesi. Mhudumu.

Nilipiga deki, nilimwaga ndoo, nilibadilisha mashuka, na karani wa mapokezi akienda kunywa chai nilikaa mimi nikaita namba. Elimu yangu ya msingi ilinitosha kusoma kadi ya mgonjwa na kuandika daftari la mahudhurio.

Nilipostaafu nikarudi kukaa na mwanangu, fundi baiskeli, na mke wake.

Huyo mke wake ndiye kisa chenyewe.

Ni binti mpole mpaka anakera. Ukimuuliza chai au uji, atakwambia, "Chochote tu, mama." Ukimpeleka dukani achague kitambaa, chochote tu, mama. Nilishawahi kumtania kwamba siku akiulizwa na malaika anataka kwenda wapi, atajibu popote tu.

Mwaka mmoja kabla ya haya alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Hospitali iko ng'ambo ya mto, saa mbili na nusu kwa gari, barabara ikiwa haijalowa. Tukampakia kwenye gari la kubebea matofali. Nilikaa naye nyuma, kichwa chake mapajani pangu.

Mtoto alizaliwa njiani, juu ya turubai. Alilia mara moja.

Nitaishia hapo.

Binti alipopata nguvu alilifua lile turubai kwa mikono yake, akalianika, akalikunja, akalirudisha kwa mwenye gari. Hakumlaumu mtu. Hakusema lolote.

Sasa mwaka wa uchaguzi ukafika, naye ana mimba nyingine. Miezi minane.

Mheshimiwa wetu mtaani tulimpa jina la Tayari. Ukimuuliza barabara, anasema tayari iko kwenye mpango. Maji, tayari mabomba yameagizwa. Mtu akamtania siku moja, mheshimiwa, na sisi kufa je? Akajibu kwamba hilo nalo tayari linashughulikiwa. Hakuwa amesikiliza swali.

Miaka mitano nyuma alikuja na spika kubwa kuliko gari lake, akatuahidi zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Tukampa kura mpaka zikamwagika.

Akaja kuweka jiwe la msingi. Akashika mwiko, akapakaza saruji kama mtu anayepaka siagi, akapigwa picha. Viatu vikachafuka, msaidizi wake akainama akavifuta palepale.

Baada ya hapo, jiwe. Jiwe na nyasi. Mbuzi wa jirani alikuwa akijikunia hapo mgongo.

Wiki tatu kabla ya kura zikagawiwa karatasi za rangi nyumba kwa nyumba. Orodha ya aliyoyatekeleza. Kifungu cha nne kilisema hivi: zahanati ya mtaa wetu imekamilika, inahudumia wananchi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Na picha juu. Jengo jeupe, paa la bluu, maua mlangoni.

Mtaa ukachemka. Fundi viatu, jirani yetu, mwenye mdomo usio na breki, alitaka tukausubiri msafara wake kwa mawe. Wengine wakasema hawapigi kura tena maisha yao yote. Mwanangu akachana ile karatasi, akawashia jiko.

Mimi niliisoma mara tatu. Kilichonishika si lile jengo. Ni zile saa.

Kwa mtu aliyefanya kazi hospitali, saa za kazi ni neno zito. Ukishazibandika mlangoni, watu wana haki ya kuja. Na kwetu kulikuwa na sheria ya matroni: mgonjwa akishapewa namba, hafutiki. Ama ametibiwa, ama imeandikwa kwa nini hakutibiwa, na aliyemrudisha anatia sahihi.

Nikawaambia, "Kama imekamilika, twendeni tukatibiwe."

Fundi viatu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza benchi zitoke wapi.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa kiwanjani na fyekeo, ndoo ya majivu na daftari jipya la kurasa mia mbili. Nikafyeka. Nikachora kwa majivu chini: huu ukuta, huu mlango, hapa mapokezi, kile chumba cha dawa, hiki cha daktari, na kule nyuma, chumba cha kujifungulia. Nikakata jalada la daftari kuukuu, nikaandika namba.

Saa mbili kamili nikaita namba moja.

Siku ya kwanza tulikuwa tisa. Mzee wa mgongo, mama mwenye mtoto wa homa, mjane mmoja mwenye nyumba za kupangisha, ambaye miguu humvimba. Na mkwe wangu. Nilimuuliza anataka namba au anakuja kunisindikiza tu. Mnajua alichojibu.

Nilimwandika kila mmoja. Anaumwa nini, amefika saa ngapi, ameondoka saa ngapi, kwa nini hakutibiwa. Sehemu hiyo ya mwisho nilijaza maneno yaleyale mstari hadi mstari: daktari hayupo, dawa hazipo, zahanati haipo.

Anayeumwa sana tulimchangia usafiri akaenda ng'ambo. Hatukuwa tunacheza na roho za watu.

Na watu waliishika ile ramani. Mtu akikatiza pasipo mlango anaambiwa arudi, umepita ukutani. Mama mmoja alikemewa kwa kuegemea dirisha. Tulicheka sana, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na meno.

Siku ya nne tulikuwa arobaini. Watu wakapiga picha, picha zikatembea kwenye simu.

Siku ya sita wakaja watu wa Tayari na katoni za sabuni na kofia. Wakatuomba tutawanyike, tunamchafulia mheshimiwa jina. Nikawajibu kwamba saa za kazi hazijaisha, na kwenye sehemu ya wagonjwa hatupokei zawadi.

Mkubwa wao akapandwa na hasira. Akasema sisi ni wendawazimu, hapa hakuna zahanati yoyote.

Nikafungua daftari. Nikamwomba arudie polepole, niandike, kisha atie sahihi.

Aliangalia kalamu. Akaangalia zile simu zinazomrekodi. Akaondoka na sabuni zake.

Sasa sikilizeni ya siku ya tisa.

Alikuja mama wa makamo, mkoba begani, viatu vya kufunga, vumbi mpaka magotini. Akasimama nje ya mstari wa majivu. Akauliza kama hii ndiyo zahanati ya mtaa huu. Nikamwambia ndiyo, achukue namba.

Akasema hahitaji namba. Akatoa barua yenye muhuri.

Niliisoma nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena.

Huyu alikuwa mkunga wetu. Ameajiriwa kwa ajili ya zahanati hii, kwa jina lake hasa, miezi kumi na minne iliyopita. Kila alipokwenda ofisini kwao kuuliza aanze lini, aliambiwa jengo limekamilika, linasubiri kukabidhiwa. Wakamweka chumba cha nyuma apange mafaili. Juzi akaona kwenye simu picha ya watu wamepanga foleni mahali pake pa kazi.

"Chumba cha kujifungulia ni kipi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kidole.

Hakukatiza. Alizunguka mpaka kwenye mlango wa majivu, akabisha hodi hewani, akaingia.

Fundi viatu akageuza uso upande, akasingizia vumbi.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kwenye ile sehemu ya mwisho niliandika: amehudumiwa. Herufi zikatoka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Alikuwa na kipimo cha presha na vifaa vyake viwili vitatu. Tulimzungushia khanga nne akampima mkwe wangu. Akasema mtoto amekaa vizuri, kichwa chini, na siku zimekaribia. Akaniambia pembeni, bila kuficha, kwamba kuzalisha anajua, ila hawezi kumzalisha mtu juu ya majani na upepo unapiga.

Tukawa sasa na kila kitu isipokuwa paa. Na Tayari akalijua hilo.

Siku ya kumi na mbili, siku nne kabla ya kura, akaja mwenyewe. Ofisi yake ya kampeni ilikuwa ng'ambo tu ya barabara, nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiyo alikuja kwa miguu, na wapiga picha nyuma. Alishasikia kuna mkunga. Alitaka apigwe naye picha, aseme, mnaona, inafanya kazi.

Akakata moja kwa moja kuelekea kwa mkunga.

"Mheshimiwa," fundi viatu akamwita, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao. "Hapo ni ukuta. Mlango uko huku."

Watu waliangua kicheko. Tayari naye akacheka, akidhani ni mzaha, akanyanyua mguu wa pili. Hakuna aliyesogea kumpisha. Akasimama hivyo, mguu mmoja ndani ya ukuta, mmoja nje, kamera zote zinamtazama.

Akarudi. Akazunguka.

Mlangoni nilikuwapo mimi. Nikampa namba sitini na moja, nikamwonyesha mwisho wa benchi.

Alikaa saa moja na dakika arobaini. Kila aliyeitwa mbele yake alitaja ugonjwa wake kwa sauti, hata wale ambao siku zote huninong'oneza.

Ilipofika zamu yake nikamuuliza anasumbuliwa na nini. Akasema amekuja kutusikiliza. Nikaandika.

Ndipo akamwona mkwe wangu, mkono kiunoni, tumbo mbele. Akageukia kamera. Akasema gari lake jeupe, lenye kiyoyozi, litakaa mlangoni kwetu usiku na mchana mpaka binti huyu ajifungue, limpeleke ng'ambo kama malkia. Dereva tayari ameshaambiwa.

Nitawaambia ukweli. Moyo wangu ulisema pokea.

Mwanangu alinikonyeza nikubali. Niliona lile turubai. Niliona gari laini linakwenda bila kuruka mashimo, mjukuu wangu analia mara mbili, mara tatu, mara mia. Nani angenilaumu? Nikafungua mdomo nimshukuru.

Nikafunga. Mtoto si wangu, tumbo si langu. Nikamgeukia mwenyewe nikamuuliza kama nilivyozoea kumuuliza, unatakaje, mwanangu.

Kabla sijawaambia alichojibu, nimalize kwanza habari za kura, maana najua kuna wenye haraka.

Tayari alishindwa. Kwenye kituo chetu alipata kura kumi na tisa, na hadi leo tunatafuta ni akina nani. Aliyemshinda, siku aliyoapishwa, alinikuta mimi na daftari mlangoni kwake. Nikampa namba moja. Ukuta wa zahanati sasa umefika usawa wa madirisha, na kila Jumatatu saa mbili bado tunakwenda kukaa pale, mpaka paa liezekwe.

Ile nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa ofisi ya kampeni ilikuwa ya yule mjane anayevimba miguu. Siku ileile, baada ya maneno ninayotaka kuwaambia, alisimama kwenye benchi bila kuitwa, akavuka barabara, akabandua picha za Tayari ukutani, akamrudishia kodi ya wiki zilizobaki, na ufunguo akamkabidhi mkunga.

Mjukuu wangu alizaliwa humo, chumba cha nyuma, asubuhi ya siku ya tatu. Ana sauti ya king'ora.

Nilichojifunza ni hiki, na mkichukue. Mtu akikuahidi kitu akakunyima, usikae nyumbani kumtukana. Nenda kakitumie kama vile kipo. Keti pale. Mwache yeye ndiye aeleze kwa nini hakipo.

Haya, sasa turudi kwenye benchi.

Nilimuuliza, unatakaje, mwanangu. Nikasubiri ile chochote tu, mama.

Alinyanyuka taratibu, akishikilia bega langu. Hakunitazama mimi. Alimtazama Tayari, na sauti yake, ambayo wengi pale walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza, ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Gari lako sitaki. Nataka kitanda. Kiwe hapa mtaani, ndani ya chumba chenye mlango, na huyu mkunga awe karibu yangu. Na akija mwenzangu kesho, akikute. Nilitaka hivyohivyo mwaka jana. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nikanyamaza."