Karavani ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipotua Brussels, alimkumbatia binti yake, kisha akanipa mgongo. Hakuwa na hasira. Hiyo ilikuwa heshima yake kwangu. Kwao Kamina, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja, na juu ya yote hawalali chini ya paa moja. Mimi nimekulia Lubumbashi, mjini, na ujanani niliyacheka sana mambo hayo. Nilipooa, kicheko kiliniisha. Pale uwanja wa ndege nilisimama pembeni na toroli ya mizigo kama mpagazi wa kukodiwa, nikisubiri mke wangu aje kuniambia kama nimesalimiwa. Nilikuwa nimesalimiwa.

Alikuja kwa sababu ya mtoto. Mke wangu alijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kikachelewa kupona, na usingizi ukamkimbia. Alikuwa akilia bila sababu, halafu akilia kwa sababu amelia bila sababu. Madaktari walisema yatapita. Mimi nilikuwa nikimwogesha mtoto kwa woga, kama naosha sahani ya kuazima, na uji niliopika ulikuwa na mabonge ya kuweza kuvunja kioo. Tuliyemhitaji ni mama yake, na mama yake sasa alikuwa hapa. Tatizo lilikuwa paa.

Paa letu lilikuwa moja, tena dogo. Tumepanga nyumba ya nyuma huko Uccle, vyumba viwili vilivyokuwa vya mtunza bustani zamani, ndani ya ua wa bibi mmoja wa Kibelgiji tunayemwita Madame. Kwa hiyo mama mkwe alilala Saint-Josse kwa binamu yake. Kila asubuhi alivuka jiji zima kwa tramu kuja kumlea mzazi na mtoto, na kila jioni akarudi. Magoti yake hayakuupenda mpango huo. Haukupita muda mrefu mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama anafikiria kurudi nyumbani mapema. Aliposema hivyo alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu, na nikaelewa kwamba mama akipanda ndege, mke wangu hatainuka. Niliogopa. Nasema wazi, sijawahi kuogopa namna ile.

Ndipo nikaikumbuka karavani. Kazi yangu ni kupeleka vifurushi, na kati ya wateja wangu alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu biashara ya bembea za maonyesho. Nyuma ya ghala lake kulikuwa na karavani iliyoota ukungu. Si zile ndogo zinazovutwa na gari la familia wakati wa likizo. Hii ilikuwa ndefu, yenye shingo. Sehemu yake ya mbele imeinuka na huegemea juu ya mgongo wa pikapu, na ndani ya shingo hiyo ndimo kilimo chumba cha kulala. Mzee alisema nikiiondoa hapo nitakuwa nimemsaidia. Aliivuta mwenyewe mpaka Uccle. Madame alitoka nje na koti lake, akaitazama ikipenya getini kwa shida, akasema mradi isikanyage mawaridi yake na iondoke siku mama atakapoondoka, yeye hana neno.

Basi paa la pili likapatikana. Lilivuja, lakini lilikuwa paa.

Mimi si fundi. Ufundi wangu wote niliupata kwenye simu, nikitazama video za wanaume wachangamfu wenye gereji safi. Nilibandua zulia lililonuka, nikabadilisha mbao za sakafu zilizooza, nikapaka paa gundi ya mpira, nikavuta umeme kutoka nyumbani kwa ajili ya taa. Vyote hivyo viliniumiza vidole tu. Kilichoniumiza kichwa ni vipimo. Kitanda kilikuwa juu, ndani ya shingo, na magoti ya mama hayapandi ngazi, kwa hiyo nilikihamishia chini, mahali palipokuwa na viti. Kiwe na kimo gani? Huwezi kumpima mkwe. Huwezi hata kumwuliza binti yake urefu wa miguu ya mama yake, maana swali lenyewe ni matusi. Na choo je? Nilitakiwa kumtengenezea choo mtu ambaye, kwa mujibu wa adabu, sipaswi kujua kwamba anakula.

Mwishowe nilimwomba Madame. Umri wao ulikaribiana, na magoti ni magoti. Aliketi kitandani na koti lake, akainuka, akaketi juu ya kifuniko cha choo, akanitazama kwa uso mkavu, akasema, "Trop bas." Chini mno. Niliinua vyote viwili. Mpaka leo sijui alidhani ninafanya nini, na nampenda kwa kuwa hakuuliza.

Mapazia yalinipeleka Galerie d'Ixelles, kwenye maduka na saluni za watu wa kwetu, kutafuta kitenge. Akina mama wa saluni waliposikia kwamba najenga nyumba ya mkwe kwa mikono yangu, walicheka mpaka mmoja akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Walitaka kujua kama nitaweka na lifti. Kisha yule mkubwa wao akaacha kucheka, akanionya kwamba mama wa kwetu hatakimbizwa na nyumba mbovu, atakimbizwa na baridi.

Neno hilo liliniingia. Nilirudi nikaikagua karavani kwa kiganja, nikitafuta upepo. Nikaupata. Chini ya sinki, na tena karibu na mlango, kulikuwa na vitundu vyenye wavu, na hewa ya Novemba ilikuwa inapita humo bila kubisha hodi. Mbelgiji yeyote aliyewahi kulala kwenye karavani anajua vitundu hivyo ni vya nini. Mimi nimelelewa na mama aliyetufunika mpaka pua kwa sababu upepo wa mlangoni ndio kikohozi chenyewe kinaingia. Nilivijaza povu la kuzibia, kimoja baada ya kingine. Madirisha nikayabandika plastiki kwa gundi. Mlango wa zamani haukukaza, nikautupa, nikatengeneza mwingine wa mbao za plaiwudi na kuuzungushia ukanda wa sufi. Ulijifunga kama kizibo cha chupa. Ndani nikaweka jiko la kupasha joto la gesi alilotuachia yule mzee. Nilikaa kitandani mle, jasho likinitoka, nikajiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Mama alihamia, na heri ikahamia naye. Alfajiri alikuwa anatoka karavanini na kuingia jikoni, mimi nikitokea mlango wa mbele kwenda kazini, hatukutani. Nilirudi nikakuta uji laini. Nikakuta mtoto amepakwa mafuta anang'aa kama andazi. Nikakuta mke wangu amelala mchana, mdomo wazi, anakoroma, na nikasimama mlangoni kumsikiliza kwa muda mrefu. Sijawahi kufurahia kelele kama ile.

Kisha baridi ikazidi, na mama akaanza kuamka na kichwa kinachouma. Alimwambia binti yake ni hali ya hewa ya Wazungu. Binti yake akaniambia ni hali ya hewa. Mimi nikaongeza pazia. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kuilaumu nyumba aliyokujengea mkwe ni kumvua nguo hadharani, na mama mkwe wangu ana adabu. Alivumilia.

Asubuhi moja ya mvua mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kupimwa uzito. Mimi sikuwa na zamu, nilikuwa uani napigilia mfereji wa paa. Nikasikia kitu kinagonga karavani kwa ndani, polepole, kama mwiko kwenye sufuria. Nikasogea. Kugonga kukakoma, na sauti ya mama ikaja, karibu sana, nyuma ya mbao.

"Mulango," alisema, "ambia ule muntu mwenye alikutengeneza asema uko unakatala kufunguka. Na kichwa yangu iko inazunguka."

Nilisimama na nyundo mkononi. Yalikuwa maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwake, na hayakuwa yangu, yalikuwa ya mlango. Na mimi nisingeweza kumjibu yeye. Ukicheka, cheka, lakini katika hali ile akili yangu ilitafuta mtu wa kumtuma na ikampata.

"Nyundo," nilisema kwa sauti, "ambia mulango asema niko nakuja. Mama azime moto. Afungue dirisha."

Nikasikia dirisha likisukumwa kwa ndani. Halafu: "Mulango, ambia yeye dirisha alibandika na colle."

Ni kweli, nilibandika kwa gundi. Niliushika mlango nikauvuta. Plaiwudi ilikuwa imekunywa mvua na kuvimba, na ule ukanda wa sufi niliojivunia ulikuwa umeng'ang'ania fremu. Niliuvuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ukutani. Haukusogea. Nikamwambia mlango umwambie mama akae karibu na sakafu. Mlango haukujibu. Nikasema, "Mulango?" Kimya. Nikasema, "Mama?" na hapo adabu ikawa imeisha.

Nilikimbilia mtaimbo. Sikumbuki mbao zikipasuka, nakumbuka mlango ukiwa majanini na harufu nzito ya joto ikinipiga usoni. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kitandani, kilemba kimemdondoka, macho nusu wazi. Na hata pale, Mungu shahidi, uso wangu ulijigeuza upande wenyewe kwa mazoea. Kisha nikaurudisha, nikaingia, nikampitishia mikono mgongoni na chini ya magoti yale niliyoyajengea kwa kukisia, nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimtoa kwenye mvua nikamketisha kwenye benchi la Madame, nikikanyaga mawaridi yake yote yaliyokuwa njiani. Madame alitokea dirishani, akaona, na simu ilikuwa tayari sikioni mwake.

Wazimamoto walikuja na gari la wagonjwa. Mmoja wao aliingiza kifaa karavanini, nacho kikaanza kulia kama mtoto mwenye njaa. Akapiga magoti chini ya sinki, akachomoa bonge la povu langu, akauliza nani aliziba. Niliinua mkono kama mwanafunzi. Akanieleza bila ukali kwamba jiko la gesi linakula hewa na kutoa sumu isiyo na harufu, na kwamba vitundu vile ndivyo pua ya karavani. Nilikuwa nimeiziba kwa mapenzi yangu yote.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Mke wangu alifika mbio na mtoto mgongoni. Daktari akatuambia tumemtoa kwa wakati, atalala hapo usiku mmoja, kisha atarudi nyumbani akiwa mzima. Niliketi sakafuni kwenye korido nikamshukuru Mungu kwa kila lugha ninayoijua, na watu wakanizunguka kwa heshima kama wanavyozunguka ndoo ya mfagizi.

Ila hofu ya pili ilikuwa inakuja nyuma ya ile ya kwanza. Nilimgusa. Nilimwona bila kilemba, nikambeba kama bibi arusi. Mama wa Kamina aliyebebwa na mkwe wake anaweza kufunga sanduku siku hiyo hiyo, asitazame nyuma. Mke wangu aliingia chumbani kwake, akakaa sana, akatoka na uso usiosomeka.

"Mama asema ulimubeba."

"Ndiyo."

"Asema bokilo akikugusa, inaomba kuku. Mweupe, muzima."

Bokilo, yaani mkwe, ndiye mimi, na kuku ndiye faini ya kumgusa. Nikasema nitaleta hata leo. Kisha nikauliza lile lililonikaba: "Na kisha? Atarudi Kamina?"

"Anataka jike," mke wangu akasema. "Yenye kutaga. Asema mutoto akianza kula, atakula mayai." Akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika kidonda chake cha tumbo, kicheko cha kwanza tangu ajifungue, na mimi nikalia kwa raha palepale bila aibu, kwa maana mtoto wetu alikuwa bado ananyonya tu, na mtu anayepanga mayai yake hapandi ndege wiki hii.

Kuku nilimpata kwa mkulima mmoja wa upande wa Halle ninayempelekea vifurushi. Nilimkabidhi mke wangu, mke wangu akamkabidhi mama yake, mama akampapasa manyoya mara moja na kesi ikaisha. Madame alisema kuku na mawaridi ni mambo mawili tofauti, nami nikamjengea kuku uzio kabla hajamaliza sentensi.

Halafu nikarudi karavanini. Nilichomoa povu lote, nikabandua plastiki, nikatoa lile jiko na kuweka la umeme, nikafunga kengele mbili za sumu ingawa sasa hakukuwa na sumu. Mlango nilitengeneza upya, mwepesi, nikaupiga randa mpaka ukafunguka kwa kidole. Siku mama alipoingia tena, nilikuwa nje nakaza bawaba ya mwisho. Alipita karibu yangu, mgongo upande wangu kama inavyotakiwa, akaketi kitandani kwenye kile kimo cha Madame. Vitundu vilikuwa vinapuliza. Nikasubiri aseme baridi.

"Mulango," alisema, "ambia mutoto yangu asema hewa iko inaingia muzuri."

Mutoto yangu. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu, lakini sikuituma.

"Merci, mama," nilimshukuru.

Hakugeuka. Alivuta pazia la kitenge, na nikamsikia akijilaza.