Kamba ya Labo na Kibao cha Papa Kiné

Jumatano, tarehe 22 mwezi wa kumi. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa, saa nne mvua ikashuka kwa nguvu, saa saba jua likatoka kama vile hakukuwa na kitu.

Ninaandika nikiwa na moyo mwepesi, ila sina hakika kama nina haki ya kuwa nao. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na mambo ya ordinateur, yaani kompyuta, nilijifunza kwa kuogopaogopa. Nitaandika nilichoona. Nisipojua, nitasema sijui.

Kwenye kituo chetu cha afya mimi ndiye ninayepokea wagonjwa. Ordinateur nzima tunayo moja, na iko mezani kwangu. Nyuma ya ukuta ni labo, chumba cha kupimia damu. Kamba ya mashine ya kuhesabu damu inapita kwenye tundu lililotobolewa juu ya kiti changu, na majibu yanaingia yenyewe. Mchana, foleni ikiisha, ninaacha kiti na Papa Kiné anakaa. Huyo ndiye anayenyoosha migongo na magoti ya watu. Haoni tangu utoto wake. Tangu mwezi wa nane ana kibao, kitu kama rula pana, kinachochomekwa kwenye ordinateur. Maneno ya kwenye kioo yanapanda pale kama nukta, naye anayasoma kwa vidole.

Kabla ya kibao alikuwa anasema, mimi ninaandika. Na nilikuwa ninafupisha. Yeye anasema, "Goti la kushoto linakunjika kuliko juzi, lakini maman analiogopa." Mimi ninaandika: goti, afadhali. Siku aliyosoma kwa vidole fiche za zamani za wagonjwa wake alicheka sana, halafu akaomba kiti changu. Tangu siku hiyo anaandika mwenyewe.

Jumatatu, majibu ya damu yalikataa kuingia. Maman Labo, ndiye anayepima damu, alitokea mlangoni na glavu mkononi. "Ordinateur yako imekataa mashine yangu!" Tulichomoa kamba, tukachomeka, tukaipangusa, tukachomeka tena. Kimya.

Sasa, kuna jambo nilikuwa ninalijua peke yangu. Ijumaa saa kumi na moja, nikiwa nimeshavaa koti, ordinateur iliuliza kama inaweza kujifanya mupya. Mvua ilikuwa inakuja. Nilibonyeza Oui, yaani ndiyo, bila kusoma, nikaenda.

Siku mbili Maman Labo alinakili hesabu zote kwa mkono. Jana aliweka virgule, alama ya desimali, mahali pasipo pake kwenye jibu la mtoto mchanga. Aliiona mwenyewe kabla karatasi haijatoka, lakini alirudia kukagua kila jibu mpaka saa sita. Ninaandika hili ili hasira yake isionekane kuwa ya bure. Mchana alisema mbele ya gestionnaire wetu, msimamizi wa kituo: "Kitu cha mwisho kuingia mule ni hiki kibao. Kitoke!"

"Maman," Papa Kiné akajibu, "kibao changu na damu yako vimeishi pamoja miezi miwili bila kugombana."

"Hata ndoa zinaanzaka hivyo!"

Tulicheka wote, na yeye pia. Lakini gestionnaire hakucheka muda mrefu. Alisema technicienne, fundi wa ordinateur, anakuja kesho. Asipopata dawa, kibao kitoke, na Papa Kiné arudi kuandikiwa na mimi kama zamani.

Papa Kiné aligeuza uso upande wangu. "Goti, afadhali," akasema polepole.

Sikusema kitu juu ya ile Oui. Nilijiambia kwamba sina hakika kama ndiyo sababu. Ilikuwa kweli kwamba sina hakika. Ilikuwa pia kujificha.

Leo technicienne alifika kutoka Walungu, udongo mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hakugusa kamba. Alifungua kwanza daftari ambamo ordinateur inaandika kila inachofanya. Nilishangaa kwamba nayo inaandika kama mimi. Tulisimama nyuma yake: Maman Labo, gestionnaire, mimi. Papa Kiné alikaa kwenye benchi, kibao juu ya magoti.

Alitueleza hivi, na kama nimekosea, kosa ni langu, si lake. Kila kitu kinachochomekwa kinajitambulisha kwa namba mbili: ya aliyekitengeneza, na ya aina yake. Jina lililoandikwa nje, ordinateur hailiangalii. Ndani kabisa, kwenye kiini chake, kila pilote imeacha orodha ya namba inazozijua. Pilote ndiyo programme ndogo inayojua kusema na kitu fulani. Namba ikifika, kiini kinapita kwenye orodha, na pilote yenye namba ile inapewa kitu kile.

"Angalieni," akasema. "Jumatatu, saa mbili na dakika tatu, kamba imeingia. Pilote yake imeishika. Sekunde moja baadaye, imeiachilia."

"Nani ameinyang'anya?" gestionnaire akauliza.

"Programme ya vibao vya vipofu."

Maman Labo alipiga makofi. "Si nilisema!"

Papa Kiné alivuta kibao chake karibu. Alianza kuzungusha kamba ya kibao chake kwenye kidole, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekunja nguo za safari. Hapo sikuweza tena.

"Ijumaa iliomba kujifanya mupya," nikasema. "Ni mimi nilikubali. Sikusoma."

Wote waligeuka. Nilidhani nitafukuzwa papo hapo. Technicienne aliuliza tu, "Saa ngapi?"

"Kumi na moja."

Alipanda juu kwenye daftari mpaka Ijumaa. "Ni kweli. Iko hapa. Orodha mupya ya vibao imeingia saa hiyo." Halafu akamwomba Papa Kiné kibao, akakichomeka, akasoma namba zake. "Papa, kibao chako kiko na namba ingine kabisa. Hakijagusa mashine ya mutu."

Katikati ya kamba ya labo kuna kipande kidogo cha bei rahisi, na mtengenezaji wake anakiuza kwa wengi kikiwa na namba zilezile. Mahali fulani duniani kuna kibao cha vipofu kilichotengenezwa na kipande hichohicho. Basi kamba yetu ilipojitambulisha, programme ile ilidhani kuna kipofu anayeingoja, ikakimbia kumsaidia.

Mimi siwezi kuilaumu. Mwaka jana nilitoa fiche yenye namba moja kwa watu wawili, nikampeleka mzee mwenye malaria kwa Papa Kiné, akakunjwa mgongo dakika kumi kabla hajauliza dawa iko wapi.

"Programme nzima sitaitoa," technicienne akasema. "Nitafunga mustari moja tu, ile yenye namba ya kamba. Kibao cha Papa kina mustari wake."

Aliweka alama mbele ya mstari mmoja. Kisha akataka damu ya kujaribia. Maman Labo alitoboa kidole chake mwenyewe, akaingia labo. Tulisikia mashine ikinguruma nyuma ya ukuta. Mistari ikatokea kwenye kioo, na chini ya mikono ya Papa Kiné, aliyekuwa amesogea mezani kwenye kibao chake, nukta zikapanda.

"Soma!" Maman Labo akapaza sauti kutoka labo. "Si ulisema vinapatana? Soma damu yangu!"

Papa Kiné alipitisha vidole, kwenda na kurudi. "Maman, globules za damu yako ziko nyingi kuliko huruma yako."

Maman Labo alicheka mpaka akaja kushika mlango. Pole hakusema. Lakini alimvutia Papa Kiné kiti changu mpaka mezani, na hilo pia ninaliandika. Gestionnaire aliniambia nisibonyeze tena bila kusoma, na nimuite kwanza. Ilikuwa haki. Nilitegemea adhabu kubwa zaidi.

Nilipotoka, Papa Kiné alikuwa anaandika habari za goti la mtu, mistari sita tayari.

Nyumbani tumekula bugali ya muhogo, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga na mboga ya lengalenga. Nilijipakulia mara mbili.